Urekebishaji wa programu dhibiti ya ubao mama
Urekebishaji huu ni ubadilishaji wa programu iliyomo katika chipu ya ubao mama, yaani ile inayoiamsha kompyuta kabla ya mfumo endeshi, ili ubao ukubali prosesa ambayo mtengenezaji hakuiidhinisha. Mfano mashuhuri ni wa soketi ya LGA 1151 ya Intel: prosesa za kizazi cha 8 za kompyuta za mezani, zilizotoka Oktoba 2017, zilihitaji rasmi mbao mama mpya, ingawa umbo na idadi ya pini havikubadilika. Intel ilitaja mahitaji ya umeme, na kweli pini za kuingiza umeme ziliongezwa kutoka 128 hadi 146. Hata hivyo, mapema mwaka 2018 mafundi wa kujitegemea waliendesha baadhi ya prosesa hizo kwenye mbao za zamani za Z170, hivyo hoja hiyo haitoshi kueleza katazo lote. Kazi yenyewe huhitaji kuongeza maikrokodi, yaani maagizo ya ndani yanayoongoza utendaji wa prosesa, na, kwa prosesa zenye viini 6, mara nyingi kufunika baadhi ya migusano iliyo chini yazo kwa utepe usiopitisha umeme. Uandishi ukikatika njiani, mara nyingi ubao hauwaki tena mpaka chipu iandikwe upya kwa kifaa cha nje.