Mji Uliobaki na Mdomo Tu

Kila mwaka mwezi wa Juni, Ijumaa inayofuata Jumatatu ya pili, watu wa Selkirk huamka mapema, wakapanda farasi na kwenda kuzunguka mipaka ya mji wao. Si farasi kumi wala ishirini, ni mamia. Mbele huenda kijana mmoja aliyechaguliwa kushika bendera ya mji. Huuvuka mto Ettrick, wakakwea mlima mpaka penye chungu tatu za mawe ziitwazo Three Brethren, yaani Ndugu Watatu, mahali inapokutana ardhi ya Selkirk na ya majirani zake, Yair na Bowhill. Wakirudi hukusanyika sokoni, bendera zikapungwa, halafu kimya. Kimya hicho ni cha kuwakumbuka waliokufa vitani Flodden mwaka 1513, Waskoti walipopigwa na Waingereza na mfalme wao, James wa Nne, akauawa. Husimuliwa kwamba wanaume 80 walitoka Selkirk kwenda vitani akarudi mmoja tu, jina lake Fletcher, mkononi ana bendera aliyomnyang'anya adui. Iwe kweli isiwe kweli, wenyewe wameishika hadithi hiyo na hawaiachii.

Mgeni akiyaona hayo atadhani ni ngoma tu ya kuwavutia watalii. Sivyo. Kukagua mipaka ilikuwa kazi, tena kazi ya kuhatarisha roho, na ndani yake imo historia nzima ya jinsi mji mdogo ulivyopata baraza, ukalipoteza, ukapewa jingine lisilo na meno.

Tuujue kwanza mji wenyewe. Selkirk uko kusini mashariki mwa Uskoti, yapata kilomita 60 kutoka Edinburgh, juu ya kilima kinachotazama bonde la Ettrick. Watu wake hawafiki 6,000. Zamani walikuwa washona viatu, na jina la washona viatu ndilo wanalojiita mpaka leo. Mwaka 1745, jeshi la Charles Edward Stuart lilipokuwa Edinburgh, viatu jozi 2,000 viliagizwa kutoka kwao, na inasemekana malipo hayakuonekana. Baadaye vikaja viwanda vya nguo za sufi, navyo vikachakaa vikafungwa kimoja kimoja. Mungo Park, yule aliyekwenda kuutafuta mto Niger, alizaliwa jirani na hapo mwaka 1771, na sanamu yake imesimama barabara kuu. Mwandishi Walter Scott naye alikuwa hakimu wa wilaya hiyo tangu 1799 hadi kufa kwake 1832. Sanamu yake iko sokoni. Kwa mji mdogo kiasi hicho, si haba.

Sasa turudi kwenye mipaka. Katika Uskoti ya kale, mji uliopewa hati na mfalme ulikuwa na haki ambazo kijiji hakikuwa nazo: kuweka soko, kutoza ushuru, kuhukumu kesi ndogo ndogo, kuchagua baraza na mkuu wake, ambaye wao humwita provosti. Pamoja na haki hizo ilikuja ardhi. Haikuwa ardhi ya mtu fulani, wala ya mfalme tena, ila ya mji: malisho ya ng'ombe wa mjane na ng'ombe wa tajiri, mahali pa kukata ule udongo mweusi wanaouchoma badala ya kuni, mahali pa kuchimba mawe ya kujengea. Mali hiyo kwa jumla yake iliitwa mali ya wote. Mwaka 1491 bunge la Uskoti lilitunga sheria kwamba mapato ya mali hiyo yatumike kwa manufaa ya mji na si vinginevyo. Mtu akiisoma leo atasema, loo, hawa watu walikuwa na akili! Lakini sheria hutungwa pale wizi ulipokwisha kuanza.

Wezi walikuwa makabaila wa jirani. Kabaila akihamisha jiwe la mpaka hatua ishirini mwaka huu, na ishirini mwakani, baada ya kizazi kimoja malisho yamekuwa yake, na mzee anayekumbuka jiwe lilipokuwa ameshakufa. Hapakuwa na ramani za kupimia wala wizara ya ardhi. Kinga pekee ilikuwa macho ya watu wengi: wote watoke, wazunguke, wapaone, na watoto wao wapaone. Hiyo ndiyo asili ya wale farasi wa mwezi Juni. Mwaka 1541 provosti wa Selkirk, John Muthag, alifunga safari pamoja na mwenzake mmoja wa baraza kwenda Edinburgh kuitetea ardhi ya mji mbele ya sheria. Hawakufika. Waliuawa njiani.

Naomba msomaji akumbuke kwamba hapa tunamzungumzia mtu aliyekufa kwa ajili ya malisho ya ng'ombe wa watu wengine. Siku hizi tukisikia neno diwani tunafikiria posho na semina.

Hata hivyo tusije tukawafanya wazee wa zamani kuwa malaika. Sheria ya mwaka 1469 ilisema kwamba baraza linalomaliza muda wake ndilo litakalochagua baraza jipya. Yaani mimi nakuteua wewe, mwakani wewe unaniteua mimi, na shemeji yetu anaweka hesabu. Mchezo huo ulichezwa miji yote kwa zaidi ya miaka 360! Mabaraza yalijiuzia ardhi ya mji kwa bei ya bure, yakapangishana mashamba ya mji kindugu, yakakopa bila kumwambia mtu. Mwaka 1817 mji mkubwa wa Aberdeen ulifilisika, na mwaka 1833 Edinburgh wenyewe, mji mkuu, ukafuata. Sehemu kubwa ya mali ya wote katika Uskoti haikuporwa na makabaila kutoka nje. Iliporwa mezani, na watu waliovaa minyororo ya heshima shingoni.

Mwaka huo huo wa 1833 bunge la London likafuta utaratibu wa kujichagua, likawapa kura wenye nyumba za thamani ya pauni kumi kwa mwaka. Wanawake hapana, maskini hapana. Lakini hatimaye baraza lilipata wa kuliuliza. Toka hapo likaja karne la kazi: maji ya bomba, mitaro, taa za gesi, shule, maktaba, makaburi. Mji ulikuwa na karani wake, kodi yake, na wafanyakazi wake wa kufagia barabara. Mtu akiwa na shida ya maji machafu alijua mlango wa kugonga, na aliyeufungua alikuwa mtu wa mtaani kwake.

Halafu ukaja mwaka 1975.

Serikali ilikuwa imeunda tume mwaka 1966 chini ya Jaji Wheatley ichunguze serikali za mitaa za Uskoti. Tume ikatoa taarifa yake 1969. Hoja zake hazikuwa za kipuuzi. Uskoti ilikuwa na mabaraza mamia kwa mamia, mengine ya miji isiyofika watu elfu moja, na mji wa namna hiyo haukuweza kujenga barabara kuu wala hospitali ya maana. Dawa iliyopendekezwa ilikuwa kuunganisha. Sheria ikapitishwa mwaka 1973, na tarehe 16 Mei 1975 mabaraza ya miji yote, miji mikubwa na midogo ipatayo 200, yakafa siku moja. Mahali pake yakawekwa majimbo 9, wilaya 53, na mabaraza 3 ya visiwa. Jimbo moja, Strathclyde, lilibeba karibu nusu ya Waskoti wote. Hiyo nayo ikaitwa serikali ya mtaa!

Selkirk ukawekwa katika wilaya ya Ettrick na Lauderdale, makao yake Galashiels, mji wa jirani ambao Selkirk umekuwa ukitaniana na kushindana nao tangu enzi. Mwaka 1996 wilaya na majimbo vikafutwa tena, yakabaki mabaraza 32 kwa nchi nzima. Selkirk sasa uko chini ya baraza la Scottish Borders, lenye madiwani 34. Wadi nzima ya Selkirkshire ina watatu. Mji uliokuwa ukijiamulia kila kitu sasa una sauti tatu, tena si zake peke yake.

Ili kuwatuliza watu, sheria hiyo ya 1973 iliruhusu kuanzishwa kwa mabaraza ya jamii. Kazi yake ilielezwa waziwazi: kuyajua maoni ya wakazi, kuyaweka pamoja na kuyafikisha kwa wenye mamlaka. Kusema, basi. Baraza la jamii halitozi kodi. Huko Uingereza baraza la parokia, hata la kijiji, linaweza kuongeza kiasi fulani katika kodi ya wakazi. La Uskoti haliwezi. Linapata ruzuku ndogo ya kununulia karatasi na kulipia ukumbi. Wajumbe hawalipwi hata senti. Mara nyingi hata uchaguzi haufanyiki, kwa kuwa viti ni vingi kuliko wanaovitaka. Sehemu nyingi kijana wa miaka 16 anaruhusiwa kugombea, ila vijana wanaotokea ni wa kuhesabu.

Na ajenda zake? Mashimo barabarani. Taa ya mtaa isiyowaka. Mbwa wanaochafua njia na wenye mbwa wanaojifanya hawakuona. Mahali pa kuegesha magari. Benki inayofunga tawi lake la mwisho. Kwa Selkirk kuna pia barabara ya A7, inayoleta malori katikati ya mji, na kilio cha muda mrefu cha kutaka barabara ya kuuzunguka. Mtu wa haraka haraka atacheka. Mimi naona kwamba mashimo na taa ndiyo serikali yenyewe, mengine ni hotuba. Taabu ni kwamba baraza linaloliona shimo silo lenye fedha za kulifukia, na lenye fedha liko mji mwingine. Diwani wa wadi akija kikaoni huandika, akaondoka na karatasi.

Pana mambo machache yenye uzito. Maombi ya ujenzi lazima baraza la jamii lipewe nafasi ya kuyatolea maoni, na maombi ya leseni za pombe hulifikia pia. Wenye kupanga wanaweza kusikiliza kisha wakafanya walivyokusudia, lakini barua ipo, imeandikwa, na siku ya kesi barua ni kitu.

Sasa, ile mali ya wote ilikwenda wapi? Hapa ndipo penye uchungu. Mwaka 1975 ilihamishiwa wilayani, na mwaka 1996 kwa mabaraza makubwa. Wenye mali hawakuulizwa. Ardhi, majumba, kodi za mashamba, mapambo ya provosti, picha za ukutani, vyote vikabadilisha mshika funguo. Kisheria vinatakiwa kutumika kwa manufaa ya wakazi wa mji ule wa zamani. Lakini mji ule wa zamani haupo tena kisheria! Mwenye mali kafa, mali iko hai, na msimamizi ana njaa ya bajeti. Eneo la Borders walau kila mji ulibakizwa na mfuko wake, na wa Selkirk una mashamba yanayokodishwa. Kwingine vitabu viliwekwa ovyo, kiwanja cha mji kikachanganywa na viwanja vya baraza, kikauzwa hivi hivi tu na asijue mtu kwamba kilikuwa cha wote.

Kesi iliyowaamsha watu ilitoka Portobello, mji wa pwani uliomezwa na Edinburgh mwaka 1896. Baraza la Edinburgh lilitaka kujenga shule ya sekondari katika bustani ya Portobello, ambayo ni mali ya wote. Kikundi cha wakazi kikaenda mahakamani, na mwaka 2012 majaji wakasema baraza halina uwezo huo kisheria. Wakazi wengine walikasirika, maana watoto wao walihitaji shule, na siwezi kuwalaumu. Baraza likaenda bungeni, mwaka 2014 ikapitishwa sheria maalumu kwa ajili ya bustani hiyo moja, na shule ikafunguliwa 2016. Kwa hiyo wakazi walishinda na wakashindwa. Ila nchi nzima ilijifunza kwamba mali ile ya mwaka 1491 bado inauma.

Mwaka 2015 bunge la Uskoti likatunga sheria ya kuzipa jamii nguvu. Kifungu chake juu ya mali hii kilianza kufanya kazi mwaka 2018. Kila baraza kubwa linatakiwa kutayarisha orodha ya mali ya wote na kuitangaza, na kabla ya kuuza kitu au kukibadilisha matumizi ni lazima liliarifu baraza la jamii na kuyatafakari maoni yake. Kutafakari, si kutii. Orodha zikaanza kutoka, na kuzikagua, kiwanja kwa kiwanja, kukawaangukia wajumbe wasio na mshahara wala mwanasheria: walimu waliostaafu, wenye maduka, mkulima mmoja mmoja, wanaokaa ukumbini jioni wakitafuta kipande kilichosahauliwa, na kama yupo mzee anayekumbuka ni cha nani, anaitwa.