Kikundi Hufundishwa Pamoja: Historia Fupi ya Mazoezi ya Kuigiza kwa Kompyuta

Katika sherehe ya miaka kumi ya Muungano wetu, ni desturi kuhesabu maghala yaliyojengwa na mazao yaliyouzwa. Naomba ruhusa ya kuandika juu ya jambo lisilopimwa kwa mizani, nalo ni ustadi wa watu kufanya kazi pamoja. Karani wa mizani aweza kuwa hodari, na mtunza fedha mwaminifu, lakini habari isipofika kwa wakati kutoka kwa mmoja hadi kwa mwenziwe, mkulima ndiye angojaye malipo.

Kumzoeza mtu kwa kuigiza kazi si jambo geni. Mwaka 1929 Edwin Link wa Binghamton, Marekani, alitengeneza chombo kisichoruka, ambacho ndani yake rubani alijifunza kuongoza ndege kwa kufuata vipimo tu, bila kuona nje. Mwaka 1934, baada ya marubani kadhaa wa jeshi kufa wakichukua barua katika hali mbaya ya hewa, jeshi lilinunua vyombo sita. Hata hivyo, chombo kile kilimfundisha mtu mmoja peke yake.

Swali la kikundi kizima lilishikwa mwaka 1952 katika mji wa Santa Monica, California. Wataalamu wa shirika la RAND walijenga mfano wa kituo cha ulinzi wa anga, wakaweka ndani yake wanafunzi wa chuo, na baadaye askari wa kazi hiyo. Huyu alitazama rada, yule alipokea habari kwa simu, na mwingine alitoa uamuzi.

Kazi ngumu ilikuwa kutunga zoezi lenyewe, maana safari za ndege nyingi zilitakiwa kulingana dakika kwa dakika. Ndipo Allen Newell na J. C. Shaw wakatumia mashine ya kuhesabu ya IBM, iliyoendeshwa kwa kadi zilizotobolewa, kuchapa alama za ndege kama zionekanavyo katika rada. Hivyo waliweza kupanga mapema wingi wa ndege, na kuuzidisha kadiri kikundi kilivyoendelea.

Baada ya kila zoezi wote walionyeshwa yaliyotokea, wakajadiliana wenyewe. Walijifunza kutenga habari ya maana na isiyo na maana, hata wakamudu mzigo mkubwa kuliko ule wa mwanzo. Jeshi la Anga likaeneza mafunzo hayo katika vituo vyake. Mwaka 1957 American Management Association ikaonyesha mchezo wa biashara, ambamo vikundi vya wakuu wa makampuni viliamua bei na matumizi, na kompyuta ikawapa matokeo.

Ndugu wanachama, kompyuta hupanga tatizo, bali kusikilizana ni kazi yetu. Kabla ya msimu twaweza kuingiza katika kompyuta hesabu za siku chache za msimu uliopita, tuongeze mvua, lori lililochelewa na upungufu wa magunia, kisha makarani, watunza ghala, watunza fedha na halmashauri waigize siku hizo pamoja. Mwisho wa zoezi wote waketi, wajumbe kwa makarani, wapitie yaliyotokea. Kosa likionekana siku hiyo litasahihishwa kwa kalamu; likingoja hadi msimu, litalipwa na mkulima. Naiomba halmashauri iufikirie mpango huu kabla mizani haijafunguliwa.