WASHAURI WASIO NA CHEO

Wahenga walinena: penye wazee haliharibiki neno. Lakini mtu asiye na cheo akiombwa shauri, neno lake lina nguvu gani? Ndugu wasomaji, historia inatupa mifano miwili.

Mwaka 1932 Franklin Roosevelt, Gavana wa Jimbo la New York, aligombea urais wa Marekani wakati mamilioni ya watu hawana kazi. Msaidizi wake, Samuel Rosenman, alimshauri awaite maprofesa. Wakaja watatu wa Chuo Kikuu cha Columbia: Raymond Moley, Rexford Tugwell na Adolf Berle. Hawakuwa na cheo serikalini wala kiapo. Walimwendea Gavana huko Albany, wakajadiliana naye. Magazeti yakawapa jina la Brains Trust, yaani baraza la wenye akili.

Roosevelt alishinda. Mwaka 1933 Moley, ambaye sasa alikuwa amepewa wadhifa, alikwenda London kwenye mkutano wa uchumi, akaunga mkono mapatano juu ya thamani ya fedha. Rais akapeleka ujumbe kuyakataa. Mwaka huo huo Moley aliacha kazi, na baadaye akawa mpinzani wa siasa ya Rais. Nguvu ya mshauri ni sikio la mkubwa. Sikio likigeuka, hana lake.

Jina lile lilivuka bahari. Januari 1941, katikati ya vita, redio ya BBC ilianzisha kipindi cha kujibu maswali ya wasikilizaji, nacho baadaye kikaitwa Brains Trust. Wajibuji walikuwa Julian Huxley, bingwa wa elimu ya viumbe, C. E. M. Joad, mwalimu wa falsafa; na Kamanda Campbell, baharia mstaafu. Joad alipendwa mno. Kila swali alitaka kwanza maana ya maneno yake.

Mwaka 1948 Joad alihukumiwa kwa kusafiri kwa treni bila tiketi, akatozwa faini ya pauni 2. BBC ikamwondoa kipindini. Elimu yake haikupungua hata chembe siku ile. Kilichopungua ni imani ya watu.

Vijana mlioko shuleni, kesho mtaulizwa na wakubwa na wananchi. Mkubwa akiliacha shauri lako, usinune, maana mzigo wa uamuzi ni wake. Mwananchi naye hawezi kuipima elimu yako. Hupima mwenendo wako. Kwa hiyo someni kwa bidii, na nauli mlipe.