Kabla ya CRB kulikuwa na kipande: nani huamua kama unaaminika kupewa keja?

Swali ninaloulizwa sana na wasee wa Thika Road ni hili: "Niko CRB, nitapata keja Ruiru kweli?" Jibu fupi: utapata, mradi uko na depo. Jibu refu lina zaidi ya miaka 100.

Turudi 1915. Serikali ya mkoloni ilipitisha sheria ya kipande, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanaume Mwafrika alitembea na karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri na mshahara wake, imewekwa ndani ya kikopo cha chuma shingoni. Hiyo ilikuwa historia yako, na aliyeiandika ni mzungu wa shamba. Kwa mashamba ya kahawa ya Ruiru na ya mkonge huko Thika, wafanyakazi walilala kwenye laini za mwajiri. Kazi ikiisha, na nyumba pia imeisha.

Baadaye viwanda vikajaa Thika, lakini swali halikubadilika sana: unafanya wapi? Hata Sheria ya Ajira ya 2007 bado inamtaka mwajiri akupe nyumba au pesa za kutosha za kodi. Mwenye ajira ndiye aliyeaminika.

Halafu Thika Superhighway ikafunguliwa 2012. Mashamba yakakatwa ploti, ploti zikaota maghorofa ya bedsita. Sensa ya 2009 ilihesabu watu kama 238,000 mjini Ruiru. Ile ya 2019 ikahesabu kama 490,000. Wengi wetu hatuna karatasi ya mshahara. Tuko kwa boda, kwa kinyozi, kwa vibarua vya mtandaoni. Kwa hivyo keteka hakuulizi umeajiriwa na nani. Anauliza: depo iko?

Wakati huohuo mfumo mwingine ulikuwa unakua kando. Kanuni za CRB zilitoka 2008, na kampuni ya kwanza ikapewa leseni 2010. Ziliundwa kwa ajili ya benki. Kisha M-Shwari ikaja 2012, Fuliza 2019, na apu za mikopo katikati. Watu wakaanza kuwekwa CRB kwa madeni ya bei ya kuku choma. Ilifika mahali, Aprili 2020, Benki Kuu ikasema deni lililo chini ya sh 1,000 lisimweke mtu kwa orodha mbaya, na apu zisizosimamiwa zikanyimwa ruhusa ya kupeleka majina.

Sasa, landilodi wengi wa Kimbo au Makongeni hawana haja ya kuangalia CRB. Shida inakupata kwa njia nyingine. Tuseme bedsita ni sh 7,000. Kuingia unahitaji sh 14,000, kodi na depo. Msee mwenye rekodi safi anaweza kukopa Sacco kwa riba ya kueleweka. Wewe ukiwa na rekodi mbaya unabaki na shylock, au unakaa kwa beshte hadi mkosane. Na ukimaliza kulipa lile deni, alama yake inaweza kubaki hapo miaka 5.

Hapa ndipo mimi naona dhuluma. Umelipa kodi Ruiru miaka sita bila kuchelewa, na hakuna CRB inayojua, kwa sababu keteka hapeleki habari zako popote. Lakini ulichelewesha mkopo wa sh 3,000 wakati wa korona, hiyo imeandikwa vizuri na tarehe yake. Mkoloni aliandika kile kilichomfaa mwajiri. Siku hizi kinachoandikwa ni kile kinachomfaa mkopeshaji. Uaminifu wa mpangaji haujawahi kupata daftari lake.

Hadi lipatikane, jiandikie. Lipa kodi kwa M-Pesa, si mkononi, na uweke stetimenti. Ukihama, mwombe landilodi barua fupi: alikaa toka lini hadi lini, hakuwa na deni. Na sheria inakupa ripoti moja ya CRB bure kila mwaka, kwa hivyo itishe uone wameandika nini juu yako. Ukipata deni ambalo si lako, lipinge kwa maandishi.

Wewe ulipohamia ulipo sasa, keteka alikuuliza nini kwanza? Niambie hapo chini.