Kyela: Viwanja, Kuta na Vijiji vya Rika

Ukikaa kijiweni Kyela siku hizi hutachelewa kulisikia lalamiko hili: mji unatambaa kuelekea kwenye mpunga. Penye shamba panapimwa viwanja, mara tofali, mara bati jipya, na mwishowe ukuta na geti. "Jirani humjui hata jina," wazee wanasema. Wanaogopa mambo hayohayo yatafika hadi Matema, chini ya Milima ya Livingstone.

Lalamiko naliunga mkono, ila sababu yangu ni tofauti kidogo. Watu wanazungumza kana kwamba Kyela ya zamani ilikuwa imetulia tu, hakuna aliyejenga kitu kipya. Hebu tuangalie.

Kati ya 1934 na 1938, Godfrey Wilson na mkewe Monica walifanya utafiti kwa Wanyakyusa. Mwaka 1951 Monica akatoa kitabu, Good Company, kinachoeleza jambo ambalo sisi tuliosoma mpaka chuo kikuu hatukufundishwa popote: vijiji vya rika. Kijana wa miaka kumi au kumi na moja aliondoka kwa wazazi, akajenga vibanda na wenzake pembeni. Usiku walilala huko, chakula wakala kwa mama zao, kundi zima likizunguka nyumba hadi nyumba (akina mama walikuwa na kazi kwelikweli!). Walipooa, wake zao wakahamia hukohuko, na kijiji kikakua. Mkwe wa kike hakutakiwa hata kuonana na baba mkwe, kwa hiyo kukaa mbali kulikuwa na maana yake.

Majirani zako walikuwa watu uliokua nao. Raha ya kukaa na kuzungumza na wenzako waliiita ukwangala.

Kuna lingine linalonigusa zaidi. Mara moja katika kila kizazi ilifanyika ubusoka, sherehe ya kuwakabidhi vijana uongozi. Wazee walisogea pembeni kupisha vijiji vya watoto wao. Walisogea! Ardhi ilikuwa ikigawanywa upya, na kijana hakuhitaji kusubiri baba afe wala kutafuta dalali.

Sasa nani aliviua vijiji hivi? Si ukuta wa tofali. Kwanza watu waliongezeka. Pili, yakaja mazao ya kudumu: kahawa kule juu Rungwe, kakao huku Kyela. Mtu aliyepanda mti hakubali kuhama kirahisi, na mti anamwachia mwanawe. Nao vijana waliokwenda kwenye dhahabu ya Lupa na migodi ya kusini walirudi na fedha zao mfukoni. Monica Wilson aliporudi mwaka 1955, mfumo ulikuwa tayari unavunjika. Ardhi ilishakuwa mali ya baba na mwana.

Kwa hiyo kiwanja chenye geti kimekuja kumalizia kazi iliyoanza zamani. Zamani rika lilichagua eneo pamoja na majirani. Leo anayechagua ni mwenye fedha, na mara nyingi ni mtu wa rika langu anayefanya kazi Dar au Mbeya, anayejenga nyumba ya kufikia Krismasi. Aliyebaki nyumbani analima kwa kukodi.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo ni wa kila mtu mzima mkazi wa kijiji, kijana na mzee. Eneo likishatoka kwenye ardhi ya kijiji na kupangwa kuwa mji, idhini hiyo haiombwi tena. Wanaolalamika kijiweni wangeuliza kwanza mashamba yao yako upande gani wa mstari huo, kabla wapima hawajafika na vigingi vyao.