Mfano wa Mtepe kama Ushahidi wa Historia

Mtepe haupo tena baharini. Kabla karne ya 20 haijafika nusu yake, chombo hiki kilichoshonwa kwa kamba za usumba na kutwekwa tanga la mkeka kilikuwa kikitoweka katika maji ya Lamu. Tulichoachiwa ni picha chache, maandishi ya wageni, na mifano midogo ya mbao kama ile iliyohifadhiwa katika makumbusho ya Lamu na Fort Jesus. Je, mifano hiyo yaweza kutegemewa na mwanahistoria?

Ukale wa ushonaji wenyewe hauna ubishi. *Periplus*, kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, chataja vyombo vya kushonwa huko Rhapta, na jina la mji huo lahusishwa na kushona. Mwaka 1498 watu wa Vasco da Gama waliviona Msumbiji vyombo visivyo na misumari. Mwaka 1941 James Hornell aliandika juu ya mtepe na dau la mtepe, na tofauti ya wazi kati yao ni omo: ule wa mtepe ulirefuka mbele mithili ya shingo ya ngamia.

Tuurudie mfano. Fundi aweza kupunguza urefu wa mbao apendavyo, lakini kamba haipunguziki vivyo hivyo. Usumba hata ukisokotwa mwembamba sana ungali mnene mno kwa chombo cha dhiraa moja; basi fundi hupunguza matundu. Anayehesabu matundu ya mfano ili akadirie kamba iliyotumika katika mtepe wenyewe atapotea. Mbao nazo huachwa nene zisipasuke. Tena, mfano uliochongwa katika gogo moja na kutiwa nyuzi kwa pambo tu hautufundishi lolote kuhusu mshono. Ule uliounganishwa ubao kwa ubao ni jambo jingine: hapo njia ya kamba yafuatika kwa kidole, na vijiti vya kuzibia matundu vyaonekana, kuliko katika maelezo ya msafiri yeyote.

Wapo wanaouliza kila mara mfano ni sehemu moja ya ngapi. Swali hilo, kwa maoni yangu, ni la watu wa michoro. Waundaji wetu hawakuchora; walipima kwa dhiraa, kwa shibiri na kwa jicho.

Kwa mwanaisimu upungufu ni mkubwa zaidi, kwani mfano hautamki. Omo, tezi, mkuku, taruma na foromali ni maneno yaliyopata hifadhi katika jahazi. Maneno ya ushonaji hayakupata chombo kingine cha kuyabeba, na aliyenunua mfano aghalabu aliandika bei yake, si majina aliyoyatumia fundi alipokuwa akitoboa.

Mwaka 2003 mtepe wa ukubwa kamili uliundwa Unguja kwa ajili ya Beit al-Ajaib. Waundaji walilazimika kurudi kwenye picha za zamani na mifano hiyo hiyo.