Asili ya Jibu la "Soma Mwongozo"
Mwongozo wa kwanza wa Unix, yaani mfumo endeshi wa kompyuta uliobuniwa katika maabara za Bell nchini Marekani, ulitolewa Novemba 1971, na maelezo ya amri kama ls, inayoorodhesha mafaili, yalitaja kwa ufupi namna ya kuiandika, kasoro zake na hata jina la mhusika wake, kana kwamba msomaji angeweza kumwendea. Usenet, mtandao wa kubadilishana ujumbe ulioanza 1980, ulipowakutanisha wajuzi na wageni, hasa wanafunzi wapya wa kila Septemba, jibu la mkato la "soma mwongozo" lilizoeleka, likiwapunguzia wajuzi uchovu lakini likiwaumiza wasiojua hata ukurasa wa kufungua. Tiba ya kiungwana zaidi ilikuwa orodha za maswali ya mara kwa mara, zilizotungwa na watu wa kujitolea.